Barakoa mdomoni, pua nje: Je, magazeti yalitufundisha nini wakati wa korona?

Rwanda ilimtangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona Machi 14, 2020. Siku mbili baadaye shule zikafungwa, na kwa miezi mingi redio, televisheni na magazeti ndivyo vikawa mwalimu wa taifa. Kwa sisi tunaofundisha lugha, swali ni moja: mwalimu huyo alitumia maneno gani, na mwananchi wa kawaida alielewa nini?

Chukua neno barakoa. Waswahili wa pwani walikuwa nalo zamani, likimaanisha kifuniko cha uso cha wanawake. Mwaka 2020 magazeti yakalivika kazi mpya, nalo likaeleweka haraka. Kinyarwanda kikasema agapfukamunwa, yaani kidude cha kufunika mdomo. Mdomo tu! Pua haimo ndani ya neno hilo. Hapa Masoro, asubuhi wafanyakazi walipokuwa wakiingia eneo la viwanda, uliwaona wengi wamefunika mdomo barabara, pua zikiwa nje zinapunga upepo. Sisemi kuwa neno peke yake lilifanya hayo, maana joto nalo lilikuwapo. Lakini neno halikusaidia.

Tuwe wakweli, yapo yaliyofanywa vizuri. “Guma mu rugo”, kaa nyumbani, ni maneno matatu ambayo hata bibi asiyejua kusoma aliyafuata. Linganisha na “umbali wa kijamii” wa baadhi ya magazeti ya Kiswahili. Jamii gani, na umbali wa wapi? Shirika la Afya Duniani lenyewe, Machi 2020, lilianza kupendelea kusema umbali wa mwili, kwa kuwa watu hawakutakiwa kutupana, bali kutosogeleana. “Msikaribiane” lingetosha.

Kisha likaja “chanya”. Darasani tumezoea kusema mtazamo chanya, maana yake mzuri. Mwanafunzi anaposoma kwamba jirani “amekutwa chanya”, ana haki ya kudhani kuna heri. Kulikuwa na ugumu gani kuandika kuwa amekutwa na virusi?

Linaloniuma zaidi ni lugha ya kipolisi. Mwaka 2020 waliokutwa bila barakoa, au nje baada ya saa ya kafyu, walikusanywa viwanjani wakafundishwa, na habari nyingi ziliwaita wakiukaji waliokamatwa. Ukisoma “kamatwa” kila siku, unajifunza kumwogopa askari. Kirusi unakisahau. Ndiyo maana barakoa iliteremka kidevuni na kupanda ghafla kofia ya polisi ilipoonekana kwenye kona.

Niliosoma nao Karagwe, Tanzania, tulipokuwa wakimbizi, watakumbuka kuwa mambo haya si mapya. Mkoani Kagera, miaka ya 1980, UKIMWI uliitwa Juliana, jina la nguo ya fasheni ya wakati huo. Mjini wakazigeuza herufi za AIDS kuwa “Acha Iniue Dogodogo Siachi”. Watu walicheka, na watu walizikwa. Magazeti nayo yalishikilia “gonjwa hatari lisilo na tiba”, maneno ambayo humfanya mtu aone hakuna haja ya kupima. Ilichukua miaka mingi “waathirika” wawape nafasi “watu wanaoishi na VVU”, na mimi nayaweka mabadiliko hayo karibu kabisa na dawa zenyewe.

Marburg ilipotangazwa nchini Septemba 27, 2024, hali ilikuwa tofauti kidogo. Jina hilo ni la mji wa Ujerumani ulikogunduliwa ugonjwa huo mwaka 1967, na kwa msikilizaji wa Masoro halisemi lolote. Huenda hiyo ilikuwa bahati, kwani kila mwandishi alilazimika kueleza: huenezwa kwa damu, matapishi na majimaji mengine ya mwilini, usimguse mgonjwa wala maiti. Mlipuko ulitangazwa kwisha Desemba 20, 2024, wagonjwa wakiwa 66 na waliofariki 15. Wengi wa walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya.

Habari za siku zile huwa nazipeleka darasani. Nawauliza wanafunzi: ukimaliza kusoma, kesho nyumbani utafanya nini? Habari moja iliwataka waliokuwa “karibu na mgonjwa” wajitokeze. Msichana wa dawati la mbele akainua mkono: “Mwalimu, karibu kiasi gani?”