Spika ya Gitaa Inapokwaruza
Gitaa la umeme likianza kutoa sauti ya kukwaruza, si insafu kuihukumu spika kabla ya kuijaribu amplifaya kwa spika nyingine iliyo salama, yenye omu zile zile, maana mara nyingi ila imo katika waya au soketi. Amplifaya izimwe kwanza. Na ile ya vali isipigwe kamwe pasipo spika, kwani transfoma yake yaweza kuungua. Kisha spika ifunguliwe waya, ipimwe kwa mita: ya omu 8 husoma kama 6 au 7, na isiyosoma kitu koili yake imekatika. Ikisoma sawasawa, koni isukumwe taratibu kwa vidole. Ikikwaruza, koili yagusa sumaku, na hapo, kwa rai yangu, spika njema yastahili fundi wa kuitia koni mpya.