Neno "Pekee" Katika Sheria: Tarakilishi, Ubaguzi na Hatima ya Mwanafunzi

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kitale aliyefuzu kujiunga na chuo kikuu na mwenzake wa Bungoma wana mwamuzi mmoja wasiyemwona. Mwamuzi huyo si chifu wala mwalimu mkuu, bali ni programu ya tarakilishi inayokadiria uwezo wa familia zao na kupendekeza kila mmoja afadhiliwe kwa kiasi gani. Makala hii inafafanua jinsi ubaguzi unavyoweza kuzuka katika maamuzi ya namna hiyo, kinga iliyomo katika sheria za Kenya, na pengo ambalo sheria mpya haina budi kuliziba. Pengo lenyewe limo katika neno moja.

Dhana ya algoriti

Algoriti ni mfuatano wa hatua ambazo tarakilishi hufuata ili kutoka kwenye taarifa hadi kwenye uamuzi. Mnamo Mei 2023, serikali ya Kenya ilitangaza utaratibu mpya wa kufadhili elimu ya chuo kikuu. Mwombaji hujaza maelezo kuhusu wazazi wake, ukubwa wa familia, ulemavu, eneo atokalo na mengineyo, kisha hutiwa katika kundi kulingana na uwezo unaokadiriwa. Kufikia mwaka 2024 makundi yalikuwa matano. Familia ya kundi la kwanza ilitakiwa kulipa asilimia 5 ya gharama ya masomo, na ya kundi la tano asilimia 30. Kwa kozi ya shilingi 200,000 kwa mwaka, hiyo ni tofauti kati ya shilingi 10,000 na 60,000. Kwa mzazi asiye na mshahara, tofauti hiyo yaweza kuwa mpaka kati ya kusoma na kutosoma.

Mbinu hii haikuishia vyuoni. Tangu Oktoba 2024, bima ya afya ya jamii hukadiria mchango wa asiye na ajira rasmi kwa kuuliza kuhusu hali ya makazi na mali yake, na mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi.

Ubaguzi usio na mbaguzi

Katika sarufi, kiwakilishi husimama badala ya nomino. Algoriti nayo hutumia viwakilishi. Kwa kuwa haiyaoni mapato ya mtu, hutazama kitu kingine kinachodhaniwa kuyawakilisha, kwa mfano paa, shule au mahali anapoishi. Kiwakilishi kikikosea, kosa hurudiwa kwa maelfu ya watu, bila ya yeyote kukusudia kumbagua mtu.

Chukua mfano wa Trans Nzoia, ambako shamba kubwa la mahindi hupakana na kibanda cha kibarua wa shamba hilohilo. Jina la eneo haliwezi kuwatenganisha majirani hao wawili. Au mtazame mjane wa kijiji cha Bungoma aliyeezekewa nyumba kwa fedha za chama cha akina mama. Bati lake linang'aa, lakini halisemi lilitoka wapi. Aidha, mkulima wa mahindi hupata fedha msimu wa mavuno, na wa miwa huenda akangoja malipo kwa miezi mingi. Swali la mapato ya mwezi haliwaelei wote wawili.

Hata hivyo, haifai kudhani kwamba uamuzi wa binadamu ulikuwa safi. Wahenga walisema mwamba ngozi huvutia kwake, na barua za kuombea karo zimewahi kufuata undugu. Ila mtu anayeamua aweza kuulizwa sababu. Swali ni nani ataulizwa pale inapoamua programu.

Kinga iliyopo

Kifungu cha 27 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakataza ubaguzi, uwe wa moja kwa moja au la. Kifungu cha 47 kinampa aliyeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Tarehe 20 Desemba 2024, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba utaratibu wa ufadhili wa vyuo vikuu ulikiuka Katiba na ulikuwa wa kibaguzi. Mwaka 2025, Mahakama ya Rufaa ilisimamisha utekelezaji wa hukumu hiyo ikisubiri rufaa.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, katika kifungu cha 35, inaikaribia tarakilishi zaidi. Inampa mtu haki ya kutoathiriwa na uamuzi mzito uliofanywa kwa mashine pekee, isipokuwa katika hali maalumu kama vile mkataba, idhini yake au ruhusa ya sheria. Pia aweza kuomba uamuzi ufikiriwe upya.

Uzito wa neno moja

Neno "pekee" ndilo mlango wa kutorokea. Ofisa akipokea orodha iliyopangwa na tarakilishi na kutia saini bila kuisoma, taasisi yaweza kudai kwamba binadamu alihusika. Mnamo Desemba 2023, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikumbana na hoja kama hiyo katika kesi ya kampuni ya Ujerumani, SCHUFA, inayokadiria uaminifu wa wakopaji. Iliamua kwamba ikiwa mkopeshaji anategemea sana alama hiyo, kuitoa alama kwenyewe ni uamuzi. Jimbo la Colorado, Marekani, lilipopitisha sheria yake Mei 2024, halikutaka mashine iwe peke yake. Lilitosheka ikiwa mashine ilichangia uamuzi kwa kiasi kikubwa. Utekelezaji wa sheria hiyo uliahirishwa mwaka 2025, lakini msamiati wake unafaa kuzingatiwa.

Hitimisho

Sheria itakayomfaa mwanafunzi wa Kitale na wa Bungoma inapaswa kutaja mchango mkubwa wa mashine badala ya "pekee", kulazimu matokeo yapimwe kwa kulinganisha maeneo na makundi ya watu, na kumpa mwombaji binadamu mwenye mamlaka ya kubadili uamuzi. Sababu nazo zitolewe kwa lugha inayoeleweka. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Barua inayomweleza mzazi kwa nini mwanawe amewekwa katika kundi la tano haitakuwa imetoa sababu iwapo mzazi huyo hawezi kuisoma. Hapo ndipo kazi ya wanaisimu na wafasiri wa Kiswahili inapoanzia.