MLINZI WA MOYO ULIODHOOFIKA



Huenda umewahi kusikia habari za mtu wa namna hii. Alishikwa na maumivu makali ya kifua, akatokwa jasho jingi, akapelekwa hospitali. Huko akaambiwa amepatwa na shambulio la moyo. Alitibiwa, akarudi nyumbani, akashika tena jembe. Baada ya miezi michache akaanguka ghafla na kufa. Watu wakasema, "Amerogwa. Jana tu alikuwa mzima!"

Hakurogwa. Leo tujifunze kilichomwua, na jinsi mtu kama huyo anavyoweza kulindwa.

Kovu ndani ya moyo

Moyo ni msuli unaosukuma damu mwilini. Msuli huo nao unahitaji damu. Mshipa unaoupelekea damu ukiziba, sehemu ya msuli hufa. Hilo ndilo shambulio la moyo. Mgonjwa akipona, mahali palipokufa hubaki kovu. Kovu halisukumi damu, kwa hiyo moyo hudhoofika.

Iko na hatari ya pili. Mapigo ya moyo huongozwa na umeme mdogo sana unaotoka ndani ya moyo wenyewe. Umeme huo ukifika penye kovu huweza kupotea njia. Hapo moyo hutetemeka tu, wala hausukumi damu. Mtu huzimia mara moja. Asiposaidiwa katika dakika chache, hufa.

Kifaa cha kushtua moyo

Mwaka 1966 Daktari Michel Mirowski, mzaliwa wa Polandi, alifiwa na mkuu wake wa kazi kwa ugonjwa wa namna hiyo. Akawaza: je, mgonjwa hawezi kutembea na mashine ya kumwokoa ndani ya mwili wake? Wenzake wengi walimpinga. Yeye aliendelea. Tarehe 4 Februari, 1980, kifaa cha kwanza kiliwekwa ndani ya mgonjwa katika Hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani.

Siku hizi kifaa hiki huwekwa chini ya ngozi ya kifua, karibu na bega. Kina betri, na waya mwembamba unaopita ndani ya mshipa hadi moyoni. Huchunguza mapigo usiku na mchana. Moyo ukianza kutetemeka, huushtua kwa umeme ili upige sawasawa tena. Mgonjwa akiwa macho huhisi kama amepigwa teke la punda.

Nani anakihitaji?

Moyo wenye afya husukuma zaidi ya nusu ya damu iliyomo katika chumba chake kikubwa kwa kila pigo. Mwaka 2002 madaktari walitangaza matokeo ya uchunguzi wa watu 1,232. Wote walikuwa wamepona shambulio la moyo, lakini mioyo yao ilisukuma sehemu 30 tu kati ya 100, au pungufu. Katika muda wa miezi 20 hivi, kati ya kila watu 100 wasio na kifaa walikufa karibu 20. Kati ya 100 wenye kifaa walikufa 14.

Lakini kifaa hakiwekwi haraka. Uchunguzi wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba kukiweka katika siku 40 za kwanza hakukupunguza vifo. Mgonjwa hunywa dawa kwanza, kisha hupimwa tena. Mioyo mingine hupata nguvu, na kifaa hakihitajiki.

Tena, kifaa hakiponyi moyo. Ni mlinzi tu. Bei yake ni kubwa, na hospitali zinazokiweka ni chache. Betri ikiisha, baada ya miaka kadhaa, kifaa hubadilishwa. Mara nyingine hushtua bila sababu.

Ufanye nini?

1. Ukipata maumivu makali ya kifua, nenda hospitali mara moja. Usingoje kesho.
2. Ukipona, usiache dawa kwa sababu unajisikia vizuri. Dawa huokoa maisha hata ya asiye na kifaa.
3. Acha sigara.
4. Mwulize daktari: "Moyo wangu unasukuma damu kiasi gani?" Omba upimwe kwa picha ya moyo. Kipimo hicho hakiumi.
5. Ukizimia, au moyo ukienda mbio bila sababu, rudi hospitali upesi.

Maswali ya kuzungumza na wenzako

1. Kwa nini aliyepona shambulio la moyo bado yumo hatarini?
2. Kwa nini madaktari hungoja siku 40?
3. Mgonjwa wa moyo kijijini kwenu mtamsaidiaje asiache dawa?