Mrushaji na Mwizi wa Vituo: Jinsi Mkimbiaji Anavyozuiwa katika Besiboli

Besiboli ni mchezo wa timu mbili ambamo mrushaji humrushia mpigaji mpira, naye mpigaji, akishaupiga, hukimbia kuvizunguka vituo vinne vilivyopangwa kwa umbo la mraba hadi arudi alipoanzia na kuipatia timu yake alama moja. Kwa msomaji wa Kangeta, au wa kwingineko katika Meru na Embu, umbo hilo si geni, kwa kuwa linafanana na la raundasi, mchezo unaochezwa katika shule nyingi za Kenya, hasa na wasichana. Hata hivyo, katika raundasi mrushaji akiwa na mpira ndani ya mraba wake, mkimbiaji aliyefika kwenye nguzo hulazimika kutulia hapo, ilhali katika besiboli anaweza kujitenga na kituo kabla mpira haujarushwa, na hata kukimbilia kituo kinachofuata bila mpira kupigwa. Kitendo hicho huitwa kuiba kituo, nacho ni halali. Ndiyo maana mrushaji huwa na kazi mbili kwa wakati mmoja, yaani kumshinda mpigaji aliye mbele yake na kumchunga mwizi aliye kando au nyuma yake.

Ugumu wa kazi hiyo umo katika hesabu ya muda. Kati ya kituo na kituo, katika uwanja wa watu wazima, pana mita 27.4, lakini mkimbiaji aliyejitenga na kituo cha kwanza kwa mita tatu au nne hubakiwa na takriban mita 24, ambazo mwenye mbio huzimaliza kwa sekunde 3.3 hadi 3.5. Kwa upande wa pili, mrushaji stadi hutumia yapata sekunde 1.3 tangu aanze kujongea hadi mpira umfikie mdakaji, yaani mchezaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, naye mdakaji huhitaji sekunde mbili hivi kuuchomoa kwenye glavu na kuutupa kituo cha pili, umbali wa karibu mita 39. Hesabu kama hiyo haiwezi kumshangaza mtu wa Kangeta, ambako miraa ikishachumwa hufungwa kwa majani ya mgomba na kuharakishwa sokoni kwa sababu kila saa inayopotea njiani huishusha bei. Tofauti ni kwamba katika besiboli kinachopotea ni sehemu ya kumi ya sekunde, nacho hutosha kuamua nani ameshinda.

Silaha ya kwanza ya mrushaji, basi, si nguvu za mkono bali ni kuvuruga hesabu ya mwizi. Anaweza kuushika mpira kwa muda mrefu kabla ya kurusha mara moja na kwa muda mfupi mara nyingine, ili mkimbiaji asiizoee mipigo yake. Anaweza kufupisha mwendo wa mguu wake ili mpira umfikie mdakaji mapema. Na anaweza kuutupa ghafla kwa mlinzi wa kituo cha kwanza, ambaye akimgusa mkimbiaji kwa mpira kabla hajarudi kituoni, mkimbiaji huyo hutolewa. Mtupo mzuri wa aina hiyo hufika chini, usawa wa magoti na upande wa mkimbiaji, ili mlinzi aushushe mpira papo hapo juu ya mkono unaorudi kituoni. Ukimpita, mkimbiaji hujiendea kituo cha pili bila jasho.

Mkono anaotumia mrushaji una uzito mkubwa katika jambo hili. Anayetumia mkono wa kulia hukipa kituo cha kwanza mgongo, hivyo hulazimika kugeuka mzima kabla ya kutupa, na mkimbiaji mjanja huvitazama visigino vyake tu: kisigino cha kulia kikiinuka kwanza, mpira unakuja kituoni, cha kushoto kikiinuka kwanza, unakwenda kwa mpigaji, na mbio zianze. Mwenye mkono wa kushoto, kinyume chake, hutazamana na mkimbiaji uso kwa uso, na goti lake la kulia linapopanda halijasema bado kama mguu utatua kuelekea kwa mpigaji au kuelekea kituo cha kwanza.

Kwa kuwa hila hizo zingeweza kumfanya mkimbiaji asithubutu kuondoka kituoni kamwe, sheria imemwekea mrushaji mipaka, na kuivuka huitwa balki. Akiwa amekanyaga kibao cha kurushia, hana ruhusa ya kuanza mwendo wa kurusha kisha akausitisha, wala ya kujifanya anatupa kituo cha kwanza bila kutupa, wala ya kutupa huko kabla ya kupiga hatua kuelekea huko. Mwamuzi akitamka balki, kila mkimbiaji husogezwa kituo kimoja mbele. Steve Carlton wa Marekani, mmoja wa warushaji mashuhuri wa mkono wa kushoto, ndiye mwenye rekodi ya balki nyingi zaidi katika ligi kuu ya nchi hiyo, 90, idadi inayoonyesha jinsi mpaka kati ya ufundi na kosa ulivyo mwembamba.

Mwaka 2023 ligi hiyo iliuelekeza mzani upande wa wakimbiaji kwa kumruhusu mrushaji kuacha kibao au kutupa kituoni mara mbili tu kwa kila mpigaji, jaribio la tatu lisilomtoa mkimbiaji likihesabiwa kuwa balki, na kwa kupanua vituo kutoka sentimita 38 hadi 46 kila upande. Matokeo yalionekana mara moja, kwani vituo vilivyoibwa vilipanda kutoka 2,486 mwaka 2022 hadi 3,503.

Katika Afrika Mashariki, nchi iliyopiga hatua ndefu katika mchezo huu ni Uganda, ambayo timu yake ya watoto kutoka Lugazi ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza Mashindano ya Dunia ya Little League huko Pennsylvania, mwaka 2012. Lakini katika daraja hilo la watoto wasiozidi miaka 12, mkimbiaji haruhusiwi kuondoka kituoni kabla mpira haujamfikia mpigaji, na kwa hiyo mrushaji hana mwizi wa kuchunga. Kijana anayetoka huko, sawa na anayetoka kwenye raundasi, huweza kuwa na mkono wenye kasi ya kutisha huku akiwa hajajifunza lolote kuhusu mtu aliye nyuma yake.

Walimu wa michezo wanaotaka kuanzisha besiboli shuleni hawahitaji kungoja vifaa vya gharama ili kuziba pengo hilo, kwa kuwa kipande cha ubao, mpira mmoja na saa ya kupimia sekunde vinatosha kumfundisha mrushaji hatua sahihi ya mguu. Wala asipimwe kwa idadi ya wakimbiaji aliowanasa: mrushaji aliyemfanya mkimbiaji arudi nyuma nusu hatua tu ameshaitenda kazi yake, hata kama hakumtoa mtu yeyote siku hiyo.