MVULA IMENYESHA, KWA NINI UMEME UNAPUNGUKA?

Kila mwaka katika mwezi wa kumi na moja nasikia swali lile lile. Mvula za kwanza zimenyesha. Watu wamepanda mahindi. Njia zimejaa matope. Lakini habari inafika toka Likasi na Lubumbashi kwamba umeme ni mdogo, na mashini zingine zimesimama. Watu wanashangaa: "Maji yanaanguka kila siku toka juu. Namna gani wanasema hayatoshi?" Wengine wanajibu kwa kukisia: "Wenye ukuta wa maji wanafunga mvula kwa dawa." Wengine wanasema: "Watu wa juu ya mto wametunyima maji." Kwa maneno hayo vijiji vinagombana bure. Basi, sikilizeni, tueleze jambo hili polepole.

1. UMEME UNATOKA WAPI?

Munajua kinga yenye taa. Mguu unasukuma, gurudumu linazunguka, na kile chombo kidogo kinachogusa gurudumu kinazunguka pamoja nalo. Hapo taa inawaka. Ukiacha kusukuma, taa inazimika. Katika nyumba ya mashini kazi ni ile ile, lakini mguu ni maji. Huko Mwadingusha, penye maporomoko ya mto Lufira, kazi hiyo inafanyika tangu mwaka 1930. Maji yanashuka katika mabomba makubwa zaidi ya metre 100, yanapiga magurudumu ya chuma, na magurudumu yanazungusha mashini za umeme. Kisha maji yanarudi mtoni. Umeme haulambi maji, wala hauyaharibu. Chini kidogo, huko Koni, maji yale yale yanafanya kazi mara ya pili, tangu mwaka 1950.

Nguvu ya umeme inatoka katika vitu viwili: urefu wa maanguko na wingi wa maji. Fikirini sanduku lenye metre moja kila upande, limejaa maji. Uzito wake ni kilo 1000. Maji ya sanduku moja yakianguka metre 100 kila sekunde, yanaweza kutoa kilowati 800 na zaidi. Masanduku mawili, nguvu mara mbili. Nusu ya sanduku, nusu ya nguvu. Urefu ni kazi ya mlima, na mlima haugeuki. Wingi wa maji ni kazi ya mvula, na mvula inageuka kila mwaka.

2. ZIWA NI GHALA

Katika Katanga mvula inanyesha karibu toka mwezi wa kumi na moja hata mwezi wa tatu au wa nne. Kisha kipwa kinakuja, na kwa miezi mingi hatuoni tone. Lakini mashini zinataka maji kila siku. Mtu mwenye akili anafanya nini na mahindi yake? Anajenga ghala. Vivyo hivyo walijenga ukuta katika Lufira, na nyuma ya ukuta maji yakatanda, yakawa ziwa tunaloita Tshangalele. Ziwa linajaa wakati wa mvula, linaliwa wakati wa kipwa.

Lakini ghala hili lina shida. Ziwa ni pana sana, karibu kilometre 400 za mraba, na kina chake ni kifupi. Ni kama sahani, si kama chungu. Mama akiweka maji katika sahani juani, na maji mengine katika chungu, sahani itakauka kwanza. Tufanye hesabu. Tuseme siku moja ya jua na upepo inaondoa maji milimetre 5 tu, unene wa punje ya hindi. Katika kilometre 400 za mraba, hayo ni masanduku 2,000,000 ya maji kwa siku moja, yale masanduku ya metre moja kila upande. Yamekwenda hewani bila kugeuza gurudumu. Kwa hiyo kipwa kirefu kinakula ghala kwa vinywa viwili: mashini na jua.

3. KWA NINI MVULA YA KWANZA HAILETI UMEME?

Mwisho wa kipwa ardhi ina kiu. Imepasuka, majani yameungua, visima viko chini. Mvula ya kwanza ikianguka, ardhi inakunywa yote. Mahindi yenu yanaota, lakini mto haujaongezeka bado. Ni kama kumpa maji mtu aliyetoka safari ndefu juani: hatakubakizia kitu katika kikombe cha kwanza. Ardhi ikishiba, ndipo chemchemi zinaamka, madembo yanajaa, vijito vinashuka Lufira, na Lufira unajaza ziwa. Kazi hii inataka wiki nyingi. Kwa hiyo mwezi wa kumi na moja mashamba yamefurahi, na ghala la umeme lingali karibu tupu. Si uchawi. Ni zamu ya kunywa: ardhi kwanza, mto nyuma, ziwa mwisho.

4. MVULA NYINGI MNO

Mvula kubwa nayo inaweza kuleta hasara. Ziwa likijaa kabisa, lazima kufungua milango ya ukuta, na maji yanapita bure. Ghala lililojaa halipokei tena. Mafuriko yanaleta matawi, majani na magugu, yanaziba vyuma vinavyochuja maji mbele ya mabomba. Radi inapiga nguzo na nyaya. Na maji mekundu yanaleta udongo. Udongo ukilala chini ya ziwa, hautoki. Kila mwaka ghala linakuwa dogo zaidi.

5. HAKUNA MTU ANAYEFUNGA MVULA

Mvula yetu inaletwa na pepo zinazotoka mbali sana, zikichukua maji ya bahari na ya pori kubwa la Kongo. Ukuta wa metre chache hauwezi kuzizuia. Tazameni vilima vya mpaka wetu na Zambia. Mvula inayoanguka upande wa kwetu inashuka Lufira na Lualaba, na mwisho inafika bahari ya magharibi. Inayoanguka upande wa pili inashuka Kafue na Zambezi, inafika bahari ya mashariki. Wingu ni moja, mito ni miwili.

Na wenzetu wa Zambezi wameonja taabu hii kuliko sisi. Huko Kariba kuna ukuta mrefu wa metre 128, uliomalizika mwaka 1959. Ziwa lake ni kubwa mara nyingi kuliko Tshangalele. Hata hivyo, mwisho wa mwaka 2022 maji yalishuka hata wenye kulinda mto wakaamuru mashini za upande wa Zimbabwe zisimame. Mvula za 2023 na 2024 zikakosa katika Zambia, mahindi yakakauka, na watu wa mijini wakakaa saa nyingi kila siku bila umeme. Kama kungekuwa na dawa ya kufunga mvula au kuifungua, nani angekubali hasara ile?

6. NA SISI TUNAFANYA NINI?

Siku moja nilieleza mambo haya kijijini. Mzee mmoja akasimama, akasema: "Mwalimu, nyaya zinapita juu ya vichwa vyetu. Usiku sisi tunawasha kibatari. Kwa nini tulinde maji ya umeme wa wengine?" Neno lake ni kweli, sikuweza kulikana. Nikamjibu: "Baba, usilinde maji kwa ajili ya waya. Maji haya, kabla ya kufika ziwani, yanapita kwanza katika dembo lako. Ukiyapoteza, wewe utakuwa wa kwanza kuona kiu, na mashini ya pili." Mzee akakaa, akasema, "Hapo nimesikia."

Fanyeni jaribio hili nyumbani. Chukueni vikapu viwili vya udongo, muvilaze kwa mtelemko. Kimoja kifunikeni kwa majani, kingine kiacheni wazi. Mwagieni kila kimoja kibuyu kimoja cha maji. Kikapu kilicho wazi kitatoa maji mekundu upesi, kisha basi. Chenye majani kitatoa maji polepole, safi, tena kwa muda mrefu. Hiyo ndiyo habari yote ya mlima na mto.

Musidhani kwamba mti unazaa maji. Mti nao unakunywa. Lakini mizizi na majani yake yanafungua ardhi, na mvula inaingia ndani badala ya kukimbia na udongo. Kwa hiyo:

Musikate miti iliyo penye chemchemi na kando ya mto.

Limeni matuta kwa kukingama mlima, si kwa kuufuata toka juu kwenda chini.

Musichome pori mwisho wa kipwa. Moto wa wakati ule ni mkali kuliko yote, unaua hata machipukizi.

Anayechoma makala aache visiki vyenye uzima, asing'oe. Miti mingi ya pori letu inachipuka tena toka kisiki, ikiachwa miaka ya kutosha.

Mashina ya mahindi na majani ya karanga yabaki shambani, yafunike udongo.

Basi, ndugu zangu, mwaka huu mukisikia kwamba umeme umepunguka na mvula inanyesha, musiwatukane watu wa juu ya mto, wala musitafute mchawi. Nendeni kutazama kijito chenu. Kama maji yake ni mekundu, shamba lenu linasafiri kwenda ziwani. Kama ni meupe, na yanapita hata mwisho wa kipwa, mumefanya kazi nzuri.