Kabla ya Kununua Mashine ya Kuchomelea

Umeme umefika katika vijiji vingi. Pamoja nao umekuja ufundi wa kuchomelea vyuma. Vijana wanataka kutengeneza milango, madirisha na matoroli. Lakini ndugu msomaji, mashine ipi inamfaa anayeanza?

Kwanza tazama umeme wenyewe. Nyumba nyingi zina umeme wa njia moja. Mashine iliyotengenezwa kwa umeme wa njia tatu haitafanya kazi hapo. Usidanganywe na ukubwa. Anayeanza anafaa kununua mashine ndogo iitwayo inveta. Ni nyepesi, hubebwa hata kwa baiskeli. Mwite fundi umeme akuwekee waya mnene na swichi yake peke yake.

Sasa fedha. Usizimalize zote kwenye mashine. Nunua pia glavu za ngozi na kinga ya uso yenye kioo cheusi, namba 10 au 11. Wapo wanaovaa miwani ya jua. Wengine hufumba macho tu! Moto ule una miale isiyoonekana, nayo huunguza macho. Mchana utafanya kazi bila kusikia lolote. Usiku macho yatawasha kama yametiwa mchanga, na hutalala. Mtoto anayesimama kutazama huungua vilevile. Weka pazia zito. Macho yakiuma, nenda zahanati. Usitie maziwa.

Jifunze kwa vyuma chakavu vyenye unene wa milimita 3 au zaidi. Bati jembamba litatoboka. Tumia kijiti cha milimita 2.5. Weka mashine kati ya ampea 60 na 90. Kwangua kutu na rangi, kisha bana waya wa ethi kwenye chuma. Paruza kijiti kama unawasha kiberiti, halafu kiinue kidogo, kiasi cha unene wake tu. Ukikiinua mno, moto unazimika. Ukikikandamiza, kinanasa. Siku ya kwanza kitanasa mara nyingi; kizungushe ukivute. Sikiliza mlio. Ukilia kama samaki anayekaangwa, unakwenda vizuri. Chuma kikipoa, vaa miwani ya kinga, gonga gamba kwa nyundo, uutazame mshono. Chora mistari mingi kabla ya kuunga kiti.

Mabomba yaliyopakwa zinki yachomelee nje, penye upepo. Moshi wake huleta homa.

Na mtu akikuletea pipa lililokuwa na petroli, likatae. Hata likiwa tupu, mvuke hubaki ndani. Cheche moja hulilipua.