Mafuta ya Nazi Yagandapo

Mwezi wa Julai 2019 nilimpelekea mpwa wangu aliyeolewa Limuru chupa mbili za mafuta ya nazi. Niliyanunua kwa bibi mmoja wa mtaani kwetu, mjane, ambaye hukuna nazi kwa mbuzi, akalikamua tui na kulipika kwa moto mpole hata maji yaishe na mashapo yageuke rangi.

Asubuhi ya pili mpwa wangu akaja na chupa mkononi. "Mjomba, umeghuriwa! Tazama, ametia mafuta mgando ya mkebe." Kweli, yalikuwa meupe, yameshikana kama samli. Nami, Mungu anisamehe, nilisadiki. Niliporudi Mombasa nikawa napita mlangoni kwa yule bibi nikimwamkia tu, sinunui.

Aliyenizindua ni jamaa yangu mwalimu wa kemia. Mafuta ya mimea, alisema, ni nyuzi za kaboni zilizofungwa tatu tatu. Za nazi, kiasi cha tisa katika kila kumi zimeshiba haidrojeni, nazo zimenyooka kama boriti. Karibu nusu yake ni asidi iitwayo loriki. Boriti hupangika, basi joto likishuka chini ya digrii 24 hivi, mafuta huganda. Nyuzi za simsim nyingi zina kigosho, hazipangiki; ndiyo sababu mafuta ya simsim hubaki maji hata kwenye baridi ya Limuru. Kumbe kuganda si ushahidi wa ghushi, ni tabia ya nazi yenyewe! Hata kwetu, alfajiri za kusi, huonekana utando mweupe chupani, ila jua likipanda huyeyuka kabla hatujauliza.

(Nyuzi hizo za nazi ni fupi kuliko za mafuta mengi, na sabuni yake hutoa povu hata kwa maji ya bahari. Mabaharia wayajua hayo.)

La kuchunga ni maji. Mafuta yasiyoiva hubaki na maji ndani, na maji hayo huzifungua zile nyuzi, yakaanza kunuka. Tia kijiko kimoja katika kikaango cha moto: yakitatarika, hayakuiva. Ya bibi yule nimeyajaribu, kimya.

Nikaenda kumtaka radhi. Nilimweleza yote, kichwa chini. Akanitazama kitambo, kisha akauliza, "Miezi yote hiyo, mwanangu, ulikuwa wapikia nini?"

Nikanunua chupa tatu.